Mwanga wa Shibe

Kabula alikuwa na miaka minne na hakuwahi kuijua njaa. Si kwamba nyumba ya Mihayo ilijaa neema, la hasha. Ila mtoto yule, kama watoto wote waliozaliwa baada ya Amri ya Malezi, alikula kioo kilipomwambia ale, akaacha kioo kilipomwambia aache. Ukimwekea chakula kioo kikiwa kimezimwa, alikitazama kama ng'ombe anavyotazama treni ikipita.

Asubuhi hiyo baba yake alikuwa amejaribu tena. Alikoroga uji wa ulezi, akautia asali aliyoirina mwenyewe kwenye mizinga yake huko miomboni, akaupuliza hadi ukapoa, akapeleka kijiko mdomoni mwa mwanawe. Kabula akauliza, kwa adabu kabisa, Mlezi yuko wapi. Mihayo akasema Mlezi amelala. Mtoto akajibu kwamba basi atamsubiri aamke, akaendelea kupanga visoda vyake sakafuni. Uji ukaganda ngozi juu. Jua likapanda. Midomo ya mtoto ikaanza kukauka na bado hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Mihayo. Mtoto mwenye njaa hulia, hugalagala, huvuta kanga ya mama yake. Huyu alikuwa ametulia kama mgeni anayengoja kuitwa ndani.

Adhuhuri Mihayo akasalimu amri, akakileta kioo, huyo Mlezi mwenyewe.

Kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, kinasimama chenyewe kwenye ukingo wa sinia kwa vimiguu viwili kama vya bata. Kikaamka. Sungura wakaanza kuimba. Nyuma ya sungura ukaja mwanga wa rangi ya papai lililoiva, unapigapiga upesi kuliko jicho linavyoweza kuufuata, na mate yakamjaa mtoto mdomoni hadi yakamtoka pembeni. Akala uji wote ule uliopoa na ngozi yake. Kijiko cha mwisho kilipopita koo, mwanga ukageuka wa buluu, na mdomo wa Kabula ukafungwa kama dirisha la ofisi ya serikali saa tisa na nusu.

Mihayo akamfuta midomo. Akakifunika kioo kwa kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa rambo, akamwacha mtoto kwa shangazi yake Bi Sikitu, akashika njia ya sokoni. Alikuwa anakwenda kuuliza mtoto huachishwaje kioo, kama vile mama zetu walivyojua mtoto huachishwaje ziwa. Hakujua kwamba atarudi na jambo jingine.

*

Tausi, fundi vioo, alikuwa amefukuzwa kazi kwenye karakana ya Mamlaka ya Shibe. Sasa alikuwa na kibanda cha bati kati ya wauza dagaa na wauza mitumba. Alikuwa rafiki wa marehemu Nyamizi, mke wa Mihayo, tangu usichana wao, kwa hiyo alimwita Mihayo shemeji, akamvutia kiti chake kimoja, yeye akakalia ndoo. Alikuwa akitafuna karanga. Akasikiliza habari ya uji mpaka mwisho, akasema kumwachisha mtoto kunawezekana ila kunahitaji moyo wa chuma, maana jicho la mtoto ndilo lililokuwa na ufunguo wa tumbo lake, na ufunguo huo hauna nakala.

Akamweleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Zamani, kabla ya Amri, watoto walilishwa huku wakitazama simu za mama zao. Wengine walimeza bila kujua wamemeza nini, wakavimba kama mitungi. Wengine waliliweka tonge shavuni hadi katuni iishe, wakakonda kama ufito. Akili ilikuwa kwenye kioo, tumbo halikusikilizwa. Wakubwa wakakaa vikao, wakanywa chai ya vikao, wakatoka na neno moja: ikiwa kioo ndicho kinachoharibu ulaji, basi kioo ndicho kitengeneze. Wakatafuta mshipa ulio nyuma ya jicho, ule unaopeleka habari kwenye tumbo. Mwanga wa papai unaufungua. Mwanga wa buluu unaufunga. Kila mtoto akala kipimo kimoja, na wakubwa wakavishwa nishani.

Kisha Tausi akauliza, hivi hivi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, marehemu alikuwa akila saa ngapi.

Mihayo akashangaa swali. Akasema alikuwa akila kama wanawake wote wa mtaani kwao. Wanaume hupelekewa sinia lao barazani, watoto hulishwa ndani, halafu mama hukaa na kilichobaki.

"Baada ya mtoto," Tausi akasema.

"Baada ya mtoto. Wewe mama yako alikula lini?"

"Na akimlisha, alikuwa anakaa upande gani?"

"Upande gani tena? Amempakata. Mtoto huku," Mihayo akajigusa kifua, "na Mlezi pale mbele."

Tausi akaacha kutafuna. Akaiweka karatasi ya karanga juu ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Shemeji, ule mwanga haujui mtoto wala mkubwa. Unajua jicho."

Mihayo hakuwa mtu wa shule. Alifika darasa la nne, akatolewa kwenda kuchunga. Lakini hili halikuhitaji shule. Alimwona Nyamizi wazi kabisa, amekaa mkekani, mtoto mapajani, macho yote manne kwenye kioo. Mwanga wa papai unakuja, naye anameza mate, anavumilia, maana mtoto kwanza. Mwanga wa buluu unakuja, mtoto anashiba, na mama anashiba naye, tonge hata moja halijapita kinywani. Halafu anajivutia sufuria ya ukoko, anaitazama, anaifunika. Anasema ameshiba. Mchana ameshiba. Jioni ameshiba. Alipungua kidogo kidogo kama kipande cha sabuni. Mwanzoni majirani walimsifu, wakamwuliza anatumia dawa gani ya mwili mzuri. Baadaye wakaacha kumsifu. Homa ndogo tu ikamkuta hana cha kupigania, ikamchukua. Hospitali waliandika kafa kwa tumbo.

"Na hao wenye elimu," Mihayo akasema, "hawakuliona hilo?"

Tausi akacheka kicheko kisicho na meno. Akasema Mlezi alijaribiwa kwenye vyumba vyenye meza na viti. Mtoto huku, mama ng'ambo ya meza anatazama mgongo wa kioo, tena wanakula wakati mmoja. Nani kati yao angemfikiria mama anayekaa chini na kula mwisho? Yeye, Tausi, alifikiria. Alimwendea Mkurugenzi mwenyewe, Dokta Festo Kalyuma, ofisini kwake, akamwambia wanawake wa mitaa ya mikeka wataisha.

"Akasemaje?"

"Akasema wanawake watajirekebisha. Wiki ile ile mimi ndiye niliyerekebishwa."

Mkubwa akikosea husema amejifunza. Karo analipa mdogo. Mihayo akamtazama mwenye dagaa wa jirani akiuza fungu lake na kumpa mteja nyongeza. Halafu akauliza kama kioo kinaweza kufanywa kifunge tu na kisifungue tena.

Tausi akamtazama sana. Akasema kinaweza. Mwanga wa buluu mtupu, usio na mpaka. Atakayeutazama hataonja njaa kwa miezi, pengine miaka, hajui. Kioo chenyewe kitaungua, kitabaki jiwe. Akauliza kwa ajili ya nani, ingawa alikwisha kujua.

Mihayo akamwambia. Minong'ono juu ya wanawake waliokonda ilikuwa imefika juu, na mjumbe alikuja jana na habari njema: Mkurugenzi mwenyewe atahudhuria arobaini ya Nyamizi. Atakuja na kamera. Atampakata yatima na kumlisha kwa mkono wake mbele ya Mlezi, ili nchi nzima ione kwamba kioo ni salama na Mamlaka ina huruma.

"Atampakata Kabula," Tausi akasema. "Basi haiwezekani. Ukimpiga yeye, umempiga mwanao."

"Mtoto nitamwondoa."

"Utamwondoaje, na ndiye wanayemjia?"

"Tausi. Wewe uliwaambia kwa mdomo wakakufukuza. Acha mimi niwaambie kwa lugha yao."

Alikataa. Alikataa tena. Mwishowe akavuta bisibisi, huku akimlaani Mihayo na kumlaani Kalyuma kwa pumzi moja. Alipomaliza akamwonyesha pembe ya chini ya kioo: ukiishikilia kwa kidole gumba, ule mwanga utaanza, na hautasimama hadi kioo kife. Akamwapisha kwamba jicho la Kabula halitakuwapo. Mihayo akaapa, na alipoapa alikuwa mkweli.

*

Siku ya arobaini watu walijaa hadi njiani. Nusu walikuja kumwombea marehemu na nusu walikuja kuona magari. Kisomo kikasomwa, ubani ukafukizwa, na pilau ikawa inatokota uani kwenye masufuria ya shughuli. Mihayo alikuwa amepanga vizuri: Tausi amchukue Kabula nyuma ya nyumba akacheze, na Mkurugenzi aambiwe mtoto amepata homa, akae na kioo mwenyewe akionyeshe.

Mipango ya mnyonge ni nyumba ya nyasi. Wasaidizi wa Mkurugenzi, vijana wenye miwani nyeusi, walifika kabla yake, wakauliza yatima yuko wapi, wakaenda nyuma ya nyumba wakamchukua. Tausi akasema mtoto ana homa. Wakampima kwa kijiti chao, wakasema hana. Wakampaka mafuta usoni ang'ae.

Dokta Kalyuma akaingia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alimpa Mihayo pole kwa mikono miwili, akasema kifo ni kazi ya Mungu. Mihayo akaitikia, maana hiyo ni kweli, ila moyoni akasema Mungu ana kazi nyingi za kusingiziwa. Mkurugenzi akavua viatu, akaketi mkekani kwa taabu, akauliza wenyeji hukaa vipi. Wakamwonyesha. Akapakata.

Mihayo alisimamisha kioo kwenye ukingo wa sinia. Kidole gumba chake kikaikuta ile pembe.

Akainua macho. Kalyuma amempakata Kabula vile vile. Kichwa cha mtoto kimeegemea tumbo la mtu yule bila woga, kama kilivyoegemea kifua cha mama yake, na macho yote manne yanakitazama kioo, yanangoja. Shetani akamjia Mihayo akiwa amevaa mavazi ya hesabu. Akamwambia: mtoto huyu tayari haijui njaa, utamnyang'anya nini ambacho hakijanyang'anywa? Utamlisha kwa mkono, utamlisha kwa nguvu. Lakini mtu huyu hutampata tena akiwa amekaa chini. Akitoka hapa anarudi kwenye meza yake na kiti chake, na mwaka kesho atapewa nishani nyingine. Bonyeza.

Kidole kikaanza kulemea.

Kabula akageuza uso, akamtazama baba yake, akamwambia, "Baba, washa. Mjomba anangoja."

Mihayo akakiondoa kidole. Jasho lilikuwa limemlowesha kanzu mgongoni. Akainama, akamnyanyua mtoto kutoka mapajani mwa Mkurugenzi, akampa Tausi, na kabla vijana wa miwani hawajasema neno akasema yeye, kwa unyenyekevu uliomtapisha.

"Samahani, Mheshimiwa. Mila ya kwetu. Siku ya arobaini mfiwa ndiye hulishwa kwanza, na mgeni mkubwa ndiye humlisha. Ni tonge la kuvua msiba. Mtoto hawezi kumtangulia."

Vijana wakatazamana. Bi Sikitu, aliyekuwa kajaa mlangoni na upawa mkononi, hakujua lolote kuhusu kioo, lakini mila aliijua, na alichukia kuona inarukwa na wageni. Akasema kwa sauti ya mtu asiyerudia kwamba ni kweli, na nyumba ambayo mfiwa hajalishwa, msiba haujatoka. Wazee wakaguna kukubali. Mwenye kamera akasema hiyo ni picha nzuri hata zaidi: mkubwa anamlisha mdogo. Kalyuma akacheka, akasema yeye ni mtoto wa mila, akapiga mkeka karibu yake.

Kwa hiyo Mihayo akaketi bega kwa bega na mtu aliyemwua mkewe, wote wawili uso kwa kioo. Alifahamu anachokifanya. Hakuna anayemlisha mtu mwenye macho yaliyofumbwa, na yeye akigeuka, huyu naye atageuka. Aliyechimba shimo wakati mwingine lazima awe wa kwanza kurukia ndani. Akanyoosha mkono kama anayekiweka kioo sawa, akashikilia pembe.

Papai lilimulika mara moja, likafa. Ukaja wa buluu.

Haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuuma. Ulikuwa mzuri kama usingizi wa mchana wa mvua. Mkurugenzi akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamtia mdomoni, kamera zikalia. Mihayo akalitafuna huku akihisi utamu wa mchuzi unavyoondoka ulimini kama watu wanavyotoka kwenye mkutano, mmoja mmoja, bila kuaga. Mwanga ukaendelea. Sungura walikuwa wameacha kuimba.

"Leo unachukua muda," Kalyuma akanong'ona.

"Umetupenda, Mheshimiwa."

Halafu kioo kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kikawa cheusi.

Pilau ikaletwa. Iliwekwa mbele ya mgeni mkubwa, ina mvuke, ina viazi, ina nyama ya mbuzi. Mkurugenzi akaitazama, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema jamani ameshiba. Kwenye arobaini. Kimya kikapita uani kama paka. Kwa watu wa mtaa ule, asiyekula chakula cha msiba ana jambo lake na maiti, na mwanamke mmoja nyuma akalisema hilo, si kwa kunong'ona. Vijana wa miwani wakamwinua mkubwa wao wakamtia garini. Kesho yake nchi nzima ilionyeshwa picha ya tonge. Picha ya pilau haikuonyeshwa, lakini kila aliyekuwapo alikuwa nayo.

*

Baada ya hapo nyumba ya Mihayo ikawa na watu wawili wasio na njaa.

Mamlaka ilichukua kioo kilichoungua, ikamwambia kingine kitakuja, na Mihayo akajua maana ya kitakuja. Akaamua kula kwa adhana. Mwadhini akiita adhuhuri, sinia linatoka. Akiita magharibi, linatoka tena. Alimweka Kabula mbele yake, uso kwa uso, hakuna kingine cha kutazama. Alimega tonge, akatafuna huku ameukodolea macho mdomo wa mtoto, na mtoto akautazama wa baba. Taya lake likishuka, la mtoto linashuka. Likipanda, linapanda. Mara nyingine Kabula alicheka, akadhani ni mchezo, na tonge likadondoka. Mara nyingine alilihifadhi shavuni hadi likageuka maji. Siku mbaya alilitema, na Mihayo akalichukua, akala yeye, akamega jingine.

Chakula bila njaa ni kazi ya kubeba mawe. Ugali ulikuwa kama sponji la godoro. Asali, asali yake mwenyewe, ilikuwa gundi. Na kila alipoisukuma ile gundi kooni alimkumbuka Nyamizi, ambaye hakupata hata bahati ya kujua kwamba anapaswa kuisukuma. Hakusikia maumivu. Hakusikia lolote. Walimtoa duniani bila hata kumgongea mlango.

Kilichompa nguvu kilikuwa kwenye kioo kikubwa cha stendi, mahali ambapo Mamlaka ilitangaza habari zake. Mihayo alikwenda kila alipopata mwanya. Alisimama kati ya wauza maji na wapiga debe kumtazama Dokta Kalyuma akizindua hiki na kile. Kola ya shati lake ilianza kuwa pana. Kisha shingo ikaonekana ina kamba mbili. Mtangazaji akamsifu kwa mazoezi, akamwomba awape vijana siri ya mwili mzuri. Mkurugenzi akasema ni nidhamu tu. Mihayo alicheka hadi muuza maji akasogea mbali naye. Aliporudi nyumbani siku hiyo alimaliza sinia zima. Kisasi ndicho kilichokuwa kitoweo chake.

Tausi alikuja kumwambia inatosha, Kalyuma aambiwe ukweli. Alisema mtu yule anaisha kweli, madaktari wake wamemfungua kila mahali isipokuwa nyuma ya jicho, na kwamba yeye alitaka kumtia adabu, hakutaka kumtia kaburini. Mihayo akamwuliza Kalyuma alimpa Nyamizi siku ngapi za kutubu. Tausi akaondoka bila kunywa chai.

*

Alikuja mwanamke mzee, kwa miguu, kutoka stesheni. Alikuwa amevaa kitenge kilichofuliwa mara nyingi na viatu vya raba, na alikuwa amebeba kikapu. Akapiga hodi. Mwadhini alikuwa ndio kwanza ameshusha sauti, sinia lilikuwa chini, Mihayo na mwanawe wamekaa uso kwa uso.

Mtu akikukuta unakula, humwulizi wewe ni nani. Mihayo akasema, "Karibu chakula, mama," kabla hajafikiri.

Mama akanawa, akaketi. Alikuwa na njaa ya safari, njaa ya kweli. Akamega tonge kubwa, akalizungusha kiganjani, akalitoboa kwa dole gumba, akachota mlenda, akafumba macho. Akalamba vidole. Akaguna. Kabula akaacha mchezo wa mataya. Hakuwahi kumwona mtu anayekula namna hiyo. Akamsogelea kwa makalio, taratibu, hadi akafika ubavuni pake, akaunyoosha mkono kwenye mlenda, akaulamba mkono. Mtoto hakumtazama baba yake. Akachota tena.

Mgeni akajitambulisha alipomaliza. Aliitwa Anjelina, mama wa Festo Kalyuma. Hakusema Dokta wala Mkurugenzi. Alisema mwanawe haumwi, ila hali chakula, na kila anayemwuliza humjibu ameshiba. Yeye alimwuliza ameshiba tangu lini, na mwana akamwambia tangu siku ile ya msibani. "Nikasema niende nikawaulize mlimpikia nini. Nilikuja na ugomvi, mwanangu. Sikufichi."

"Tulipika pilau. Hakuigusa."

"Hilo nimelisikia hata njiani." Akamtazama vizuri. "Sasa nimekaa hapa, nimekuona unavyokula. Unatafuna kama mtu anayehukumiwa. Festo naye, nikimbembeleza akakubali, hutafuna hivyo hivyo halafu hutema. Na wewe huna njaa."

Mihayo akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Huna njaa na uko hai. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi. Ni kujua tu kwamba lazima ale."

Hapo ndipo Mihayo alipoona amefanya nini. Siri yote aliyowaficha Mamlaka na madaktari wake, alikuwa ameianika juu ya sinia kwa sababu mtu alipiga hodi saa ya chakula. Hasira ikampanda hadi masikioni. Akaimwaga yote: mkeka, mapaja, mwanga wa buluu, wanawake watajirekebisha, kioo cha Tausi, kidole gumba. Alisema alijua na angefanya tena. Akasema mwanao atakiri kwanza, kwa mdomo wake, kwenye vioo vyote vya nchi, au afe.

"Hatakiri. Nimemlea mimi, namjua. Tangu mdogo, akivunja chungu alikuwa anasema chungu kilikuwa kibovu. Atakufa kwanza."

"Basi atakufa ameshiba. Wangu alikufa hivyo."

Bi Anjelina akainamisha kichwa. Kabula alikuwa amelala ubavuni pake, mdomo umejaa mlenda. Mama yule akamfuta kwa ncha ya kitenge, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya kuomba.

"Nitakwenda nikamlishe. Siwezi kuacha, usiniombe niache. Vile vioo nitavisema kwa akina mama wote huko, kanisani na sokoni, wakae mbali navyo na wale kabla ya watoto. Na yeye nitamlisha kwa mkono wangu, kwa sababu peke yake hataweza. Lakini kila tonge, kabla sijalitia mdomoni, atamtaja mkeo. Asipomtaja, halipati. Maisha yake yote. Siku atakayonyamaza, mimi pia nitanyamaza."

Mihayo akautazama mkono wa yule mama, mkono mkubwa wenye mishipa, mkono uliolishia wengi. Akaamini kwamba utafanya. Alitafuta ndani yake mahali pa kusema haitoshi, na akapapata, pako palepale, pana moto. Lakini matonge ni mengi katika maisha ya mtu.

"Anaitwa nani?" Bi Anjelina akauliza.

"Nyamizi binti Hamisi bin Kasubi bin Mahona, mama Kabula, wa Mtaa wa Reli."

Mama akajaribu, akakosea kwa babu, akarudia hadi likakaa sawa.

"Ni refu," akasema.

"Tonge litangoja."